Msumeno wa Mkanda Uliokwisha Tumika: Je, Wafaa Kununuliwa?

Wanachama kadhaa wametuuliza kama inafaa kununua msumeno wa mkanda, ule mdogo wa kuwekwa juu ya meza, katika hizi mashine kuukuu ziletwazo kwa makontena kutoka ng'ambo. Wanaouliza wana haki. Mikarafuu haizai vizuri kila mwaka, na mwenye ufundi mdogo wa mbao nyumbani kwake hupata cha kumsaidia katika mwaka mbaya: mipini ya majembe, mbuzi za kukunia nazi, mitalawanda, vigoda. Basi tukenda kuitazama mashine aliyoinunua mwanachama mwenzetu mmoja, tukaifungua pamoja naye, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwa asiyeijua, mashine hii ina magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na mkanda wa chuma wenye meno huyazunguka kama ukanda wa cherehani. Fikra yenyewe ilianzia Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, lakini mkanda ulikuwa ukikatika kila mara pale ulipoungwa. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin, ndiye aliyepata hati ya njia bora ya kuunga. Wale wanaosema kuwa mashine si jambo la wanawake na walisome hilo mara mbili.

Faida yake ni kuwa meno hushuka chini daima, yakaukandamiza ubao mezani. Hayaurushi kifuani kwa mtu kama uwezavyo kufanya msumeno wa duara. Tena hula mbao kidogo, na hukata mapindo. Kwa umbo la mbuzi au mtalawanda hatujaona msumeno mwengine wa umeme unaoushinda.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Mashine iliyotengenezewa Uingereza au Omani itakwenda bila ya taabu. Ya Marekani hutaka volti 120 na mizunguko 60, na ya Japani volti 100. Yote haya huandikwa katika kibati kilichopigwa ubavuni mwa mota. Mwenzetu alinunua ya Marekani, na muuzaji alimwambia abadilishe plagi tu. Lau angalimsikiliza, mota ingaliungua siku ile ile. Ilimbidi anunue transfoma, na hata hivyo transfoma hupunguza volti tu, haibadilishi mizunguko. Kwa hivyo mota yake huzunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, na hupata moto upesi zaidi. Kila baada ya muda huizima ipoe. Kabla ya kuisifu mashine kuwa ni rahisi, ongeza kwanza bei ya transfoma, kisha uhisabu upya.

Dukani, plagi ikiwa imechomolewa, lizungushe gurudumu kwa mkono. Likiyumba, iache. Tazama mpira uliovishwa magurudumuni: ukiwa umepasuka mkanda hautakaa mahali pake, ila mpira huo huweza kubadilishwa. Mkanda uliokuja na mashine usiutegemee. Upime urefu wake kwa uzi, ukanunue mpya. Ubao mnene hutaka meno makubwa, matatu au manne kwa inchi. Ubao mwembamba hutaka meno madogo, ili yasipungue matatu yaliyomo ndani ya ubao kwa wakati mmoja. Wa kukata mapindo na uwe mwembamba, robo ya inchi.

Mkanda butu ni khatari kuliko mkali. Mtu huanza kusukuma kwa nguvu, ubao huachia ghafla, na mkono hufuata. Na sisi twachuma kwa vidole, twachambua makonyo kwa vidole.

Lililotutia khofu zaidi ni magogo ya mviringo. Wengi wenu mna mikarafuu iliyokauka, na mti wake ni mgumu, mzuri kwa mipini. Lakini tawi la mviringo halina pa kukalia mezani. Meno yakilishika hulizungusha ghafla, na mkono ulioshika huvutwa pamoja nalo. Usilikate hata kidogo kwa kulishika hivi hivi. Tengeneza kitako cha ubao chenye mfereji kama herufi V, ulilaze tawi humo, ulifunge kwa skrubu mbali na njia ya meno, ndipo usukume kitako na tawi pamoja. Mwenzetu alitengeneza chake kwa kipande cha mfenesi, kazi ya asubuhi moja.

Kinga ya mkanda ishushwe mpaka ikaribie kugusa ubao. Kidole kisielekee meno kwa hali yoyote. Kipande cha mwisho husukumwa kwa kijiti. Usivae glovu wala pete. Mbao za milango ya zamani zitafutwe misumari kwanza. Watoto wasikaribie, khasa baada ya kuzima, kwani mkanda huendelea kuzunguka kwa muda kidogo, tena kimya kimya. Vumbi nalo huumiza kifua. Funika pua na mdomo. Na kwa hewa yetu ya chumvi, legeza mkanda kila umalizapo kazi na uupanguse kwa kitambaa chenye mafuta, la sivyo utaukuta una kutu.

Mwenye mashine amekubali kuwaonyesha wanachama Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Atakaye kwenda na ajiandikishe kwetu ofisini, wala asiende na kanzu.