Sukari Zaidi ya Moja: Turanosi ya Asali na Kazi Yake Katika Utafiti

Kurasa hizi zimezoea sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaingia kidogo katika uwanja wa kemia, na tunaomba msituache njiani. Tunakusudia kueleza aina moja ya sukari iliyomo katika asali, iitwayo turanosi, na jinsi watafiti wanavyoitumia kuchunguza umetaboli, yaani shughuli zote ambazo kwazo kiumbe hai huvunja chakula na kukigeuza kuwa nguvu na sehemu za mwili wake. Hoja yetu kwa walimu wa lugha ni hii: neno "sukari" limebebeshwa maana tatu, na asiyezitenganisha anaweza kumpotosha mgonjwa bila kukusudia.

Neno na maana zake

Tuchukue mfano wa Mpumudde, katika mji wa Jinja, mashariki mwa Uganda. Mpumudde ya Jinja ndipo alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, akiwa njiani kurejea kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Kwa Kiganda jina hilo lina maana ya "nimepumzika", na mwanafunzi mwenye sikio la Kibantu atatambua mara moja undugu wake na "kupumua" na "kupumzika" vya Kiswahili.

Katika masoko ya eneo hilo Kisoga, Kiganda na Kiswahili hukutana kila siku. Asali kwa Kiganda ni "omubisi gw'enjuki", yaani maji matamu ya nyuki. "Enjuki" na "nyuki" ni neno moja la asili. Kiswahili kimechukua "asali" kutoka Kiarabu. "Ssukaali" ya Kiganda na "sukari" ya Kiswahili nazo ni ndugu: neno hilo lilianzia Kisanskriti, likapitia Kiajemi na Kiarabu hadi likafika pwani yetu na kupanda bara.

Sasa tutazame maana zake. Kwanza, sukari ni ile bidhaa nyeupe au ya kahawia inayouzwa dukani. Wakazi wa Jinja wanaijua vizuri, kwa kuwa mashamba ya miwa ya Kakira yako mashariki mwa mji wao, na kiwanda cha huko kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani kilianza kusaga miwa mwaka 1930. Pili, kwa mwanakemia sukari ni jina la kundi zima la vitu vitamu vyenye umbile linalofanana. Tatu, sukari ni jina la ugonjwa. Waganda husema mtu ana "ssukaali", nasi husema "ana sukari" au "ana kisukari".

Mtu anapotamka kwamba "asali haina sukari", huenda anasema kweli kwa maana ya kwanza, kwamba hakuna aliyetia sukari ya dukani ndani yake. Kwa maana ya pili, kauli hiyo ni uongo mtupu. Kwa mgonjwa anayeisikia kwa maana ya tatu, ni kauli ya hatari.

Ndani ya asali mna nini?

Katika gramu 100 za asali ya kawaida mna takriban gramu 38 za fruktosi, gramu 31 za glukosi na gramu 17 za maji. Sehemu iliyobaki ina sukari nyingine ndogondogo, tindikali, madini na vitu vinavyotoa harufu na rangi. Kwa hiyo asali, kwa sehemu yake kubwa, ni sukari.

Nyuki ndiye mpishi. Nekta ya maua huwa na sukrosi nyingi, ambayo ndiyo sukari ile ile ya muwa. Nyuki huitia kimeng'enya kutoka mwilini mwake, nacho huikata sukrosi vipande viwili: glukosi na fruktosi. Maji hupunguzwa kwa kupepewa na mbawa ndani ya mzinga mpaka asali ikolee. Katika kazi hiyo, vipande vingine huungana upya kwa namna tofauti na mwanzo. Hapo ndipo tunapokutana na turanosi, ambayo katika asali huwa kidogo, kiasi cha gramu chache tu katika kila gramu 100.

Turanosi ni nini?

Walimu wa lugha watalielewa jambo hili kwa urahisi. Chukueni maneno "mali" na "lima". Silabi ni zile zile mbili, lakini mpangilio umebadilika na maana imebadilika nao. Katika kemia, vitu vyenye viambajengo vile vile vilivyopangwa tofauti huitwa isomeri. Sukrosi na turanosi ni isomeri: kila molekuli ina atomu 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni, na kila moja imeundwa kwa glukosi moja na fruktosi moja.

Tofauti iko kwenye kiungo. Kaboni za fruktosi hupewa namba kuanzia 1 hadi 6. Katika sukrosi, glukosi imeishika fruktosi kwenye kaboni namba 2. Katika turanosi imeishika kwenye namba 3. Ikiwa imeishika kwenye namba 1 tunapata trehalulosi, na kwenye namba 6 isomaltulosi. Ni kama mtu anayemshika mwenzake begani, kisha akamshika kiwiko: watu ni wale wale, lakini umbo la wawili hao limebadilika.

Umbo hilo ndilo linaloamua yote. Vimeng'enya hufanya kazi kama ufunguo na kufuli, na ufunguo wa sukrosi haufungui kila kufuli. Katika utumbo wa mwanadamu turanosi huvunjwa polepole kuliko sukrosi, na utamu wake ulimini ni kama nusu ya utamu wa sukari ya miwa. Jina lake linatokana na Turan, jina la kale la nchi za Asia ya Kati. Wanakemia wa karne ya 19 waliipata kwa kuvunja sukari nyingine, melezitosi, iliyotoka katika utomvu mtamu wa mimea ya huko.

Kazi yake katika utafiti

Kazi ya kwanza inahusu mimea. Kwa mmea, sukrosi ni chakula na pia ni ujumbe. Seli ikiipata hupata nguvu, na wakati huo huo hupata habari kwamba chakula kipo, hivyo ikawasha au ikazima baadhi ya jeni zake. Mtafiti akiipa seli sukrosi na kuona badiliko, atajuaje kama limeletwa na chakula au na ujumbe? Hapo turanosi inamfaa, kwa sababu inafanana na sukrosi lakini mmea hauitumii kama chakula. Badiliko likitokea, mtafiti anajua kwamba seli imeitikia umbo tu. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa seli za mnyanya zilizopewa sukari zinazotumika kama chakula na zisizotumika, turanosi ikiwa miongoni mwa hizi za pili. Ilionekana kwamba makundi hayo mawili huamsha njia tofauti za mawasiliano ndani ya seli. Kwa nchi zinazoishi kwa miwa, kama Busoga, maarifa ya jinsi mmea unavyoitambua sukari yake si mambo ya mbali.

Kazi ya pili ni kutambua bakteria. Kila aina ya bakteria ina vimeng'enya vyake, kwa hiyo ina sukari inazoweza kuzila na zile zinazoishinda. Turanosi imo katika orodha ya sukari zinazotumiwa maabara kwa kazi hiyo. Bakteria wakiila hutoa tindikali, na rangi ya kipimo hubadilika.

Kazi ya tatu ni utafutaji wa vitamu ambavyo havipandishi glukosi ya damu kwa kasi. Watafiti, wakiwemo wa Korea Kusini, wamejifunza kutengeneza turanosi kutoka kwa sukrosi kwa msaada wa vimeng'enya vya bakteria, na wameipima katika seli na wanyama wa maabara. Huko ni maabara. Bado hatujafika mezani kwa mgonjwa.

Jambo la kuangaliwa

Hapa ndipo lugha inapopata mtihani wake. Habari ikisema "asali ina sukari inayovunjwa polepole", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba asali yote ni salama kwa mwenye kisukari. Sivyo. Turanosi ni kidogo sana katika asali, na glukosi na fruktosi ndizo zinazotawala. Kijiko kimoja cha mezani cha asali, chenye uzito wa gramu 21, kina takriban gramu 17 za sukari. Mwenye kisukari huihesabu kama anavyohesabu sukari nyingine, kwa ushauri wa daktari wake.

Mfano wa pili ni wa asali ya nyuki wadogo wasiouma, wanaopatikana Uganda, Kenya na Tanzania. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza kwamba asali ya nyuki wa namna hiyo ilikuwa na trehalulosi gramu 13 hadi 44 katika kila gramu 100. Hicho ni kiasi kikubwa, na trehalulosi nayo huvunjwa polepole. Lakini sampuli zao zilitoka Australia, Malaysia na Brazili. Muuzaji wa Jinja au wa Arusha hawezi kuzibandika tarakimu hizo kwenye chupa yake, kwani nyuki wake ni wa spishi nyingine.

Jina la ugonjwa nalo lina mtego wake. Mtu akiambiwa ana "sukari", huweza kuiondoa katika chai na kudhani amemaliza kazi, huku sahani yake imejaa posho, matooke au mihogo. Wanga wa vyakula hivyo huvunjwa tumboni kuwa glukosi. Neno "kisukari" lina nafuu kidogo, kwa kuwa kiambishi "ki-" kinalitenga na bidhaa ya dukani. Tunapendekeza litumike darasani na katika tafsiri.

Hatimaye, mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali ya aina yoyote, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia.

Istilahi kwa ajili ya darasa

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi hao watahitaji Kiswahili cha sayansi pia. Msingi umekwisha kuwekwa: TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Tunashauri mambo matatu. Mosi, mwanafunzi azoee kiishio "-osi" katika glukosi, fruktosi, sukrosi, laktosi na turanosi, kwani humwambia kwamba huenda kinachotajwa ni sukari. Pili, aseme "aina mbili za sukari" pale ambapo "sukari mbili" ingeleta picha ya pakiti mbili. Tatu, apewe chupa yenye maandishi "haina sukari" na aulizwe: sukari ipi? Iliyotiwa, iliyomo, au ugonjwa? Atakayejibu swali hilo kwa Kiswahili fasaha ataweza kumsomea jirani yake maandishi ya chupa bila kumpoteza.