Kipindi cha Dini Kisipite Bila Mwalimu



Wazazi wengi humwona mtoto wa darasa la pili akitoka asubuhi na akirejea mchana. Anayojifunza katikati ya nyakati hizo hatuyajui sana. Makala hii inaifuata wiki moja ya darasa hilo, ili tujue watoto wetu wanapewa nini, na ni lipi linalotusubiri sisi Waislamu tulitimize.

Tangu mtaala wa mwaka 2015, madarasa mawili ya kwanza yameelekezwa zaidi kwenye stadi tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kipindi kimoja ni dakika 30. Mwanzoni mwa wiki mwalimu hutamka sauti, watoto wakaitikia, kisha sauti ikaunganishwa na irabu: ba, be, bi, bo, bu. Katikati ya wiki silabi huwa maneno, na kufikia Ijumaa maneno huwa sentensi fupi daftarini. Katika hesabu, vizibo vya soda, vijiti na punje za maharage hutangulia tarakimu. Mtoto hutenga makumi na mamoja kwa mkono kabla ya kuyaandika.

Stadi hizi hupandana kama ngazi. Mtoto aliyebakizwa nyumbani siku mbili kuchuma kahawa au kulea mdogo wake hukuta wenzake wamekwishavuka sauti asiyoijua. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yamezidi hapo. Mwalimu atapata wapi nafasi ya kumrudia mmoja mmoja?

Hapa Kamachumu wako watoto wanaoingia shuleni wakizungumza Kihaya zaidi ya Kiswahili. Hilo si pungufu. Anayesema abantu nyumbani yu karibu kulikamata neno watu, iwapo mzazi atazungumza naye na kumuuliza alichosoma. Madrasa nayo humsaidia, kwani anayesoma "ba fataha ba, ba kasra bi, ba dhuma bu" anafanya kazi ile ile ya kuunganisha sauti.

Uislamu haukuzitenga elimu hizi. Wahyi wa kwanza aliopewa Mtume (S.A.W.) ulikuwa amri ya kusoma. Wanahistoria wa sira wanaeleza pia kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kusoma na kuandika na wasio na mali walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Waalimu wale hawakuwa Waislamu, lakini elimu yao ilithaminiwa.

Kinachobaki ni kipindi cha dini. Ratiba ya shule inakitambua, lakini katika shule za umma mwalimu wake hutarajiwa kutoka kwa waumini wenyewe. Sisi tusipompeleka, shule haitamwajiri kwa niaba yetu. Watoto wetu watakaa nje wakicheza, huku wenzao wa dini nyingine wakifundishwa.

Tuhesabu kidogo. Mwaka wa masomo una siku 194, yaani karibu wiki 39. Hata tukichukua kipindi kimoja tu cha dakika 30 kwa wiki, kinachopotea ni zaidi ya saa 19 kwa mwaka: muda wa kutosha kumfundisha mtoto udhu, nguzo za Swala, sura fupi na adabu kwa wazazi.

Tiba yake imo ndani ya uwezo wetu. Kila kamati ya msikiti iende kwa mwalimu mkuu, ichukue ratiba na kutaja waalimu wawili kwa kila shule, ili mmoja akiugua mwingine asimame. Waumini wachangie nauli na chaki. Ustadhi naye ana familia. Saa za madrasa zipangwe zisigongane na za shule. Na mzazi, baba kwa mama, alifungue daftari la mtoto kila jioni, hata kama yeye mwenyewe hakusoma. Mtoto anayeona daftari lake linatazamwa hulitunza.

Mkungu wa ndizi ukichelewa kukatwa leo, utakatwa kesho. Wiki ya mtoto ikipita hairudi.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa wachunga wema wa amana hii. Amin.