Anayechuja na Ahesabu

Mama anayepeta mchele hana haja ya kuhesabu pumba. Anarusha, pumba zinaruka, mchele unabaki. Lakini wako watu ambao kazi yao ni kupeta, na kila wakitikisa ungo ni lazima waandike kiasi kilichoingia na kiasi kilichobaki. Hao ni wanafizikia, na juma hili napenda tuutazame ungo wao, maana una funzo hata kwa mtu asiyejua fizikia.

Pale CERN, karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chini ya ardhi kuna handaki la duara lenye mzunguko wa kilomita 27. Humo protoni huzungushwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, kisha hugonganishwa. Mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Kinachotokea kila mara huitwa tukio. Hakuna ghala la kuyahifadhi matukio yote hayo, kwa hiyo mitambo huamua papo hapo lipi libaki. Ungo huo wa kwanza hauna huruma: kilichotupwa hakirudi tena.

Yaliyobaki hupelekwa kwenye kompyuta, na hapo binadamu anashika ungo wake mwenyewe. Programu inayotumika sana inaitwa ROOT, iliyoanza kutengenezwa CERN katika miaka ya 1990. Chukueni mfano mmoja wa kweli. Kikundi cha CMS kimetoa hadharani sehemu ya matukio yake ya mwaka 2012, na faili moja lina matukio zaidi ya milioni 61. Tuseme tunataka matukio yenye muoni mbili, yaani chembe ndugu za elektroni, ila nzito zaidi ya mara 200. Chujio la kwanza linasema: pitisha tukio lenye muoni mbili kamili. Yanabaki kama milioni 31. Chujio la pili: moja iwe na chaji chanya na nyingine hasi. Yanabaki kama milioni 24, ambayo ni asilimia 39 hivi ya yote.

Programu haianzi kazi kila unapotaja chujio. Inangoja uyapange yote na udai jibu, ndipo inapopita kwenye faili mara moja tu. Mwishoni, kila chujio ulilolipa jina linatolewa taarifa yake: mangapi yameingia, mangapi yamepita, asilimia ngapi.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwanza, hesabu hufichua makosa. Chujio likipitisha kila kitu, au lisipopitisha hata kimoja, yaelekea sharti limeandikwa vibaya. Pili, mwenzako aweza kurudia kazi hiyo na kulinganisha namba zake na zako hatua kwa hatua. Mkitofautiana, mtajua mmeachana wapi.

Lakini sababu kubwa ni ya tatu. Mwezi Desemba 2015 haukupita bila kishindo. Vikundi viwili vya CERN, ATLAS na CMS, vilionyesha matukio ya ziada kidogo ambayo huenda yangekuwa dalili ya chembe mpya. Dunia ya fizikia ikachangamka, makala zikaandikwa kwa mamia. Ilipofika Agosti 2016, baada ya kuongezwa matukio mengi zaidi, ziada ile ikayeyuka. Hakuna aliyedanganya, ilikuwa bahati ya namba tu. Sasa fikirini ingekuwaje kama mtu angeruhusiwa kukaza chujio hapa na kulilegeza pale mpaka aone anachokitamani. Angekiona! Ndiyo maana mara nyingi wataalamu hupanga masharti ya kuchuja kabla ya kutazama mahali wanapotarajia jibu. Na kabla ya kutangaza ugunduzi, hutaka uwezekano wa kudanganywa na bahati uwe mdogo kuliko mmoja kati ya milioni tatu. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ilipita mtihani huo katika vikundi vyote viwili.

Nasi, ndugu zangu, kila siku tunapewa vilivyochujwa. Tunaambiwa asilimia kadhaa ya wananchi wanakubali, asilimia kadhaa ya wagonjwa wamepona. Tuulize kama wanafizikia: walioanza walikuwa wangapi? Walioachwa ni wangapi, na kwa sharti gani? Na sharti hilo liliwekwa kabla ya jibu kuonekana, au baada? Anayeshindwa kujibu maswali hayo ametuonyesha mchele tu, akaficha ungo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.