Sungura akikojoa kwa shida usikimbilie dawa za binadamu

SUNGURA ni mnyama anayefaa kufugwa mjini. Habweki usiku, hahitaji uwanja mkubwa, na watoto humpenda. Ndiyo maana katika fleti na ploti nyingi za Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu utampata sungura mmoja au wawili ambao hawafugwi kwa kitoweo wala kwa biashara, bali wamekuwa kama watu wa nyumba hiyo.

Hata hivyo, mnyama huyu ana tabia moja inayomponza. Huficha maumivu. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, na sungura wa nyumbani hajaiacha tabia hiyo. Kwa sababu hiyo, aghalabu mwenye sungura hugundua kuwa mnyama wake ni mgonjwa wakati ugonjwa umekwisha kukomaa. Miongoni mwa maradhi yanayojificha namna hii ni yale ya njia ya mkojo, yaani ya figo, kibofu na mirija inayopitisha mkojo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mkojo wenyewe hutoa habari mapema. Wakulima wengi hapa nchini huukinga mkojo wa sungura ili wautumie kama mbolea. Wewe unayemfuga nyumbani unafaa kuutazama kila siku kwa sababu nyingine: ndio utakaokuonya kabla mambo hayajaharibika.

Kwa nini mkojo wake ni mzito?

Mkojo wa sungura haufanani na wa mbwa, paka au binadamu. Sababu ni madini ya kalsiamu, yale yanayojenga mifupa na meno. Kwa wanyama wengi, utumbo huchukua kalsiamu inayohitajika tu na kuiacha ziada itoke pamoja na kinyesi. Utumbo wa sungura haubagui. Kadiri chakula kinavyokuwa na kalsiamu nyingi, ndivyo nayo inavyoingia kwa wingi katika damu. Kazi ya kuitoa ziada hiyo huachiwa figo.

Wataalamu wanaeleza kwamba wanyama wengi hutoa chini ya asilimia 2 ya kalsiamu kupitia mkojo, ilhali sungura hutoa kati ya asilimia 45 na 60. Basi usishtuke ukiona mkojo wake una weupe kama maji ya chokaa na unaacha alama nyeupe sakafuni ukikauka. Hiyo ni hali ya kawaida.

Usishtuke pia kwa sababu ya rangi peke yake. Mkojo wa sungura mzima unaweza kuwa wa manjano, wa rangi ya chungwa, wa kahawia au hata mwekundu, kwa sababu ya rangi za asili zilizomo katika majani aliyokula au zinazotengenezwa mwilini mwake. Rangi ya aina hii huwa imeenea sawasawa katika mkojo wote. Damu, kwa upande mwingine, mara nyingi huonekana kama matone, michirizi au mabonge. Ukiwa na shaka, daktari anaweza kuipima kwa dakika chache.

Ukimfuga sungura jike ambaye hajafungwa kizazi, kumbuka kwamba damu hiyo huenda haitoki kwenye kibofu. Saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida mno kwa sungura jike waliopita umri wa miaka 4, na damu yake huchanganyika na mkojo.

Matatizo huanzaje?

Mkojo wenye kalsiamu nyingi hauna madhara mradi unatoka. Shida huanza unapokaa kibofuni kwa muda mrefu. Hapo kalsiamu hutuama chini kama mashapo ya uji kwenye sufuria. Mashapo hayo hugeuka kuwa tope zito, na tope linaweza kushikana na kuwa vijiwe. Kibofu hukwaruzwa, huvimba, na viini vya maradhi hupata nafasi ya kuzaana.

Kinachoufanya mkojo ukae ni mambo ambayo mengi yako mikononi mwetu. Sungura asiyepata maji ya kutosha hukojoa kidogo. Anayefungiwa siku nzima katika kizimba chembamba hana sababu ya kutembea, na hujizuia kukojoa kizimba kikiwa kichafu. Aliyenenepa kupita kiasi au mwenye maumivu ya viungo hushindwa kuchuchumaa vizuri, hivyo basi hamalizi kuutoa mkojo wote na mwingine humwagikia miguuni.

Kadhalika, kuna kimelea kidogo sana kiitwacho Encephalitozoon cuniculi ambacho hushambulia figo na ubongo wa sungura. Huenezwa kwa mkojo wa sungura aliyeambukizwa. Sungura mwenye kimelea hiki anaweza kuinamisha kichwa upande mmoja, kulegea miguu ya nyuma au kushindwa kuuzuia mkojo. Watu ambao kinga yao ya mwili imepungua wanaweza kuambukizwa pia, kwa hivyo ni muhimu kunawa mikono kwa sabuni baada ya kusafisha kizimba.

Dalili za kuangalia

Mwone daktari wa mifugo ukiona mojawapo ya dalili zifuatazo:

1. Sungura anachuchumaa mara kwa mara kukojoa lakini anatoa matone tu.

2. Mkojo ni mzito kama dawa ya meno, au una chembechembe kama mchanga.

3. Kuna damu katika mkojo.

4. Manyoya ya chini ya mkia na ya ndani ya mapaja yamelowa na kunuka, au ngozi ya hapo imekuwa nyekundu na kunyonyoka.

5. Alikuwa amezoea kukojoa mahali pamoja na sasa anakojoa ovyo.

6. Amejikunyata, anasaga meno, hataki kushikwa tumbo, na amepunguza kula.

Dalili mbili hazingoji kesho. Ya kwanza ni kujikakamua bila kutoa mkojo wowote. Huenda kijiwe kimeziba njia, hasa kwa sungura dume ambaye njia yake ni nyembamba zaidi, na sumu inayopaswa kutoka na mkojo hubaki mwilini. Usijaribu kumkamua kibofu kwa mikono, kwani kinaweza kupasuka.

Ya pili ni kukataa kula. Matumbo ya sungura yanapaswa kufanya kazi usiku na mchana. Akikaa nusu siku bila kula na bila kutoa kinyesi, matumbo huanza kusimama, na jambo hilo linaweza kumuua hata kabla ya ugonjwa wenyewe wa mkojo.

Dawa inayoua

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu anaona mnyama wake anakojoa kwa taabu, anakumbuka kwamba mtoto alipougua mkojo alipewa amoksilini, na ndani ya kabati mna kapsuli zilizobaki. Anafungua moja, anaikoroga katika maji na kumnywesha sungura. Kwa siku moja au mbili anaonekana kama amepata nafuu. Halafu anaanza kuhara, anakataa kula, na anakufa.

Si ugonjwa wa mkojo uliomuua. Sungura humeng'enya majani kwa msaada wa bakteria wazuri walio katika utumbo wake mpana. Dawa za jamii ya penisilini, zikiwemo amoksilini na ampisilini, zikipitia mdomoni huwaua bakteria hao. Nafasi yao huchukuliwa na bakteria wabaya wanaotoa sumu. Dawa za linkomisini na klindamisini ni hatari vivyo hivyo. Dawa ambayo mtoto mchanga huinywa bila tatizo inaweza kummaliza sungura kwa siku chache.

Zipo dawa za kuua bakteria ambazo sungura huzivumilia, lakini ni daktari anayejua ipi na kwa kipimo gani. Vilevile usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu. Wala usiamini ushauri wa kumnywesha ndimu au siki ili kuyeyusha vijiwe. Mkojo wa sungura kwa asili si wa asidi, na vijiwe vyake havitibiki kwa njia hiyo.

Daktari atafanya nini?

Si kila daktari wa mifugo amezoea kutibu sungura, kwa hivyo uliza kwanza kabla ya kwenda. Hakikisha pia kwamba amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Kwa walio Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo huko Kabete, ambako wanyama wadogo hutibiwa.

Ukiweza, beba mkojo wake kidogo katika chupa safi iliyokauka. Njia rahisi ni kuondoa matandiko, kuosha na kukausha sinia ya kizimba, kisha kungoja akojoe. Mweleze daktari anachokula, kiasi cha maji anachokunywa, na siku ulipoona mabadiliko. Usimfungishe njaa kabla ya safari. Sungura hawezi kutapika, kwa hivyo hana haja ya kukaa na njaa hata anapokwenda kufanyiwa upasuaji.

Daktari atampapasa tumbo, apime mkojo, na huenda akataka picha ya eksirei. Vijiwe vya kalsiamu huonekana wazi katika picha hiyo. Kama ni tope tu, anaweza kumwongezea maji chini ya ngozi, kumpa dawa ya maumivu, au kumlaza kwa dawa ya usingizi na kukisafisha kibofu. Kijiwe kikubwa hutolewa kwa upasuaji. Kama ni bakteria, dawa huchukua muda. Imalize yote hata ukimwona amechangamka.

Kumtunza nyumbani

Sungura anayetoka kwa daktari anahitaji mahali pakavu, tulivu na pasipo na upepo. Badilisha matandiko kila yanapolowa. Usimtumbukize mzima majini, kwani hushtuka sana na hushikwa na baridi. Osha sehemu iliyochafuka peke yake kwa maji ya uvuguvugu, kisha uikaushe kabisa kwa taulo laini. Manyoya yaliyogandamana usiyakate kwa makasi, maana ngozi ya sungura ni nyembamba na hukatika kwa urahisi. Mwachie daktari kazi hiyo.

Ukaushaji huu si urembo. Nzi hutaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa mkojo, na funza wanaweza kuanguliwa katika muda wa siku moja na kuanza kuila ngozi. Mkague chini ya mkia asubuhi na jioni, hasa ukiishi Mombasa, Malindi au Kisumu ambako joto ni kali.

Kinga ni maji na nyasi

Sungura mwenye kilo 2 huweza kunywa kati ya mililita 100 na 300 za maji kwa siku. Mwekee maji katika bakuli zito lisilopinduka, kwa sababu sungura wengi hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa ya kunyonya. Yabadilishe kila siku. Siku ambazo mfereji umekauka na maji ya nyumba yanapimwa kwa kikombe, usimsahau. Pia mpe majani yakiwa bado yana maji ya kuoshea.

Chakula chake kikuu kiwe nyasi, mbichi na kavu, kiasi cha zaidi ya robo tatu ya mlo wote. Nyasi kavu za Boma Rhodes zinapatikana katika maduka mengi ya agroveti. Majani ya alfalfa wanayolishwa ng'ombe wa maziwa yana kalsiamu nyingi na hayamfai sungura mzima kama chakula cha kila siku. Yanafaa zaidi kwa wadogo wanaokua na majike wanaonyonyesha. Chakula cha punje kiwe kidogo, vijiko vichache tu kwa siku.

Je, sukuma wiki? Katika nyumba nyingi hiyo ndiyo chakula chote cha sungura kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila kibanda. Ina kalsiamu nyingi, na terere pia. Si lazima uziondoe kabisa, maana meno na mifupa yake inahitaji kalsiamu. Mpe kidogo, ukizibadilisha na dhania, saladi ya majani na mboga nyingine.

Mwisho, mtoe kizimbani kila siku kwa saa kadhaa akimbie. Anayekimbia hukojoa vizuri zaidi na hanenepi ovyo. Zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi jike akiwa bado mdogo. Na kila asubuhi unapobadilisha maranda au magazeti ya kizimba, yaangalie kabla ya kuyatupa: yamelowa kiasi gani, kwa rangi gani, na kuna nini juu yake. Kazi hiyo huchukua nusu dakika, na inaweza kukuonya siku kadhaa kabla sungura mwenyewe hajaonyesha kuwa anaumwa.