Regilatere ya vitesi: mbele ya kuuliza kama inashika, uliza kama inaachilia



Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300. Kila familia ya mines inaijua ile njia. Papa anamaliza wiki zake za kazi, anapanda motokari asubuhi, anapita Fungurume, anapita Likasi, na jioni watoto wanamuona ku mulango. Mbele yake kuko kamio za shaba na kobalti, nyuma yake kuko sisterne ya asidi, na kando ya barabara watu wanatembea na makala ku kinga. Ni njia ndefu kwa mtu mwenye kutoka mu kazi ya saa 12.

Juu ya ile, wengi wanatuuliza habari za kifaa ambacho Wafaransa wanaita régulateur de vitesse. Siye tutasema regilatere tu. Magari mengine yanatoka nayo mu fabriki. Mengine hayana, na mwenye motokari anaweza kununua kifaa pembeni na kukiweka mu garaji. Je, ni kitu cha maana? Na kama ni cha maana, tunakichagua namna gani?

Ili tusiandike maneno ya kusikia tu, Jumamosi moja tulikaa mu garaji ya Kolwezi kutoka asubuhi mpaka jua kulala. Papa mmoja, shofere wa bene mu kariere, alikuwa ameleta pikapu yake, ya mazutu na bwate manieli. Goti lake la kuume linamuuma. Kazini anakanyanga pedali mchana wote, na siku ya kurudi nyumbani anakanyanga tena saa nyingi. Mupwa wake alimuletea kifaa kutoka Dubai. Mama wa nyumba alikuja pamoja naye, maana nusu ya feza ya kukinunua ilitoka mu biashara yake ya soko.

Inafanya nini, na haifanyi nini

Regilatere inashika gazi kwa nafasi ya muguu. Shofere anafikisha motokari ku vitesi anayotaka, tuseme 80, anafinya kabutoni, anatoa muguu. Kuanzia pale kifaa kinasoma vitesi bila kuacha. Ikishuka, kinaongeza gazi. Ikipanda, kinapunguza. Shofere akigusa freni, kinaachilia papo hapo. Njo ile yote.

Mama alisikiliza, kisha akauliza ulizo moja tu: “Na papa akisinzia, ile kitu itamuamusha?”

Fundi hakumudanganya. “Hapana, mama. Akisinzia, yenyewe itaendelea na 80.”

Tunaomba kila nyumba ikumbuke lile jibu. Motokari ya 80 inapita metre 22 kwa sekonde moja. Kusinzia sekonde 3 ni metre 66, zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira, bila mtu ku volan. Mtu asiye na regilatere akisinzia, mara nyingi muguu unalegea na motokari inapunguza mwendo. Mwenye regilatere hana hata ile bahati. Tena kifaa cha kuongeza pembeni hakina macho. Hakioni kamio yenye kusimama mbele bila taa, hakioni mbuzi wala mtoto.

Aliyevumbua kitu hiki alikuwa kipofu. Ni Ralph Teetor, enjenieri wa Marekani, aliyepoteza macho angali mtoto. Wanahadisia kwamba alichoka na namna avoka wake alikuwa akiendesha: akizungumza anapunguza, akisikiliza anaongeza, motokari inaruka-ruka. Teetor alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1950, na mwaka wa 1958 Chrysler ikaanza kuweka kifaa cha namna ile mu magari yake. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kutuliza mwendo, haikuwa kuangalia njia kwa nafasi ya shofere.

Mbele ya kutoa feza

Ulizo la kwanza: gazi ya motokari yako ni ya kabule ao ya waya? Fungua kapo, umwambie mtu akanyange pedali. Ukiona kabule inavuta kitu ku motere, ni ya kizamani. Kifaa chake kiko na kamotere kake chenye kuvuta ile kabule. Kuko aina ingine yenye kuvuta kwa nguvu ya hewa ya motere, lakini motere ya mazutu haitoi ile nguvu yenyewe kama ya esansi. Kwa mazutu, chagua ya umeme. Kama huone kabule, pedali yako inatuma alama kwa waya mpaka ku kompyuta ya motokari. Kifaa chake ni kasanduku kanakoingia katikati ya pedali na kompyuta, na prizi yake inapaswa kuwa ya modeli yako kabisa. “Inafanana” haitoshi.

Ulizo la pili: motokari yako haiko nayo tayari? Magari mengine, na baadhi ya Toyota zimo, kompyuta yao inajua ile kazi, inakosa tu kabutoni ku volan. Muulize fundi wa umeme aangalie mbele ya kununua. Unaweza kulipa kifaa kizima wakati ulikuwa na lazima ya kabutoni.

Ulizo la tatu: kifaa kinasikia namna gani freni? Fungua karatasi yake hata mbele ya muuzaji. Kama ile karatasi haionyeshi namna freni inakata kazi, kirudishe. Na kwa bwate manieli, uliza na ambreyaji. Kama kifaa hakisikii ambreyaji, siku utaikanyanga ili kubadilisha vitesi, motere itapiga kelele mpaka mwisho maana kifaa kinazidi kuipatia gazi.

Muangalie tena musidanganywe na tusanduku twa “kuongeza nguvu ya pedali”. Nato tunaingia ku prizi ya pedali, lakini tunabadilisha tu namna gazi inajibu. Hatushiki vitesi.

Na neno moja kwa wenye kuendesha motokari ya kampuni: ile si yako. Usiweke kitu kule bila ruhusa ya mukubwa wa garaji, hata kama ni kwa feza yako.

Kuko pia limitere. Na limitere, muguu unabaki ku gazi kama kawaida, lakini motokari inakataa kupita kipimo ulichoweka. Vifaa vingi viko na kazi zote mbili. Kwa njia zetu, zenye vijiji, dodane na kamio, siye tunaona limitere itakusaidia siku nyingi kupita regilatere.

Kazi ya kuweka

Fundi alianza na kutoa waya ya batri, akangoja. Prizi za rangi ya manjano chini ya volan hakuzigusa, maana mara nyingi ni za erbagi, na erbagi inaweza kupasuka mu uso wa mtu mwenye kuchezea waya zake. Kabutoni akakaweka ku tablo, hakufungua volan.

Tuliona mambo mengine ambayo kila mwenye motokari anaweza kuangalia hata kama si fundi. Waya zinafungwa vizuri, mbali na pedali na mbali na shapoma yenye moto. Viungo vinayeyushiwa bati na kufunikwa, hawapotoi tu na kufunga na skochi, maana vumbi na matingiso ya njia za mines vinalegeza kila kitu. Umeme wa kifaa unapita ku fizibule yake. Na kwa motokari ya kabule, kazi ikiisha, kabule inapaswa kubaki na nafasi kidogo: ukiachilia gazi, motere inarudi chini kabisa. Ikibaki juu hata kidogo, kazi haijaisha.

Saa nane mchana kila kitu kilikuwa mahali pake. Wakatoka ku njia kujaribu. Papa akafika 60, akafinya kabutoni. Hakuna kitu. Akafinya tena. Hakuna.

Waya moja ya zambarau

Walirudi. Kijana mwanafunzi wa garaji akaangalia, akasema: “Patron, ni hii waya ya freni. Tuikate, tuifunge ku masi, itafanya kazi sasa hivi.”

Alikuwa na haki nusu. Kile kifaa kilikuwa na waya ya zambarau yenye kwenda ku taa za freni. Wakati freni haikanyangwe, ile waya inatafuta masi kupitia ampule ya taa. Ikiipata, kifaa kinajua: freni iko huru, naweza kufanya kazi. Ukikanyanga, umeme unafika mu ile waya na kifaa kinaachilia. Sasa papa alikuwa ametoa ampule za kawaida na kuweka taa za LED, juu zinangaa. LED haiachi ile njia ya masi kama ampule. Kifaa kilikuwa kinazani freni haiko sawa, kikakataa kuanza. Kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri.

Kama wangefuata kijana, kifaa kingeanza mara moja. Papa angelipa, angeenda na furaha. Na siku ile mbele ya Fungurume, kamio ikisimama ghafla, angekanyanga freni na kifaa hakingejua. Kingezidi kusukuma gazi wakati yeye anasukuma freni.

Fundi mwenye garaji, muzee wa miaka mingi, aliweka chini chai yake. “Mwanangu,” akasema, “kitu chenye kukataa kuanza kinakupotezea saa moja. Kitu chenye kukataa kuacha kinakupotezea mutu. Usiitoe ile waya hata mara moja.”

Kijana akanyamaza, kisha akasema: “Nimesikia, patron.” Wakarudisha ampule za kawaida nyuma ya pikapu, kazi ya dakika 10. Kuko pia kakifaa kadogo kenye kuruhusu mtu abaki na LED, lakini siku ile hakakuwako. Papa alilalamika kidogo juu ya taa zake. Mama akamwangalia tu, akaacha.

Namna ya kujaribu

Muzee alituomba tuandike hii kwa mupango, na tunaiandika vile alivyosema. Tafuta njia kavu, nyoofu, bila watu. Weka 60.

Kwanza, gusa freni kidogo sana, kiasi taa zinawaka tu. Kifaa kinapaswa kuachilia pale pale.

Pili, weka tena, ukanyange ambreyaji. Kifaa kinaachilia, motere haipandi.

Tatu, weka tena, ufinye kabutoni ya kuzima. Kinaachilia.

Nne, zima motere, iwashe tena. Kifaa hakipaswi kukumbuka vitesi ya zamani na kuirudia chenyewe.

Kama moja tu inakosa, toa fizibule ya kifaa na urudi ku garaji. Usiseme “nitaangalia kesho”. Na siku moja kikishika gazi na kukataa kuachilia, kanyanga freni kwa nguvu na bila kuachilia-achilia, toa vitesi, weka mu nyutre, toka pembeni ya njia, kisha zima. Usizime motere wakati motokari ingali mbio, maana freni na volan zitakuwa nguvu sana.

Pikapu ilipita yote ine. Goti la papa lilipumzika, na uso wake ulionyesha.

Wapi itumike

Hapa fundi na mama walikuwa sauti moja. Itumike mchana, ku lami kavu, njia nyoofu, magari yakiwa kidogo. Mvua ikinyesha, izime: mupira ukiteleza, kifaa kinaweza kuongeza gazi wakati unapaswa kupunguza. Ku njia ya udongo, izime. Ku milima ya Likasi, izime, na ku mutelemuko tumia vitesi ya chini, maana kifaa cha kuongeza hakishike freni kwa nafasi yako. Mu vijiji, ku peaje, nyuma ya kamio, izime. Usiku, izime. Ukihesabu vizuri, ni vipande tu vya ile safari. Mwenye kununua ajue ananunua kupumzika kwa muguu kwa vile vipande.

Na usingizi uko na dawa yake, tunaijua wote: kulala. Mwenye kumaliza kazi ya usiku asipande njia asubuhi ile. Alale kwanza, nyumbani wangoje siku moja.

Tulipowaaga, papa alisema alikuwa na nia ya kuondoka usiku ule ule ili afike Lubumbashi mbele ya misa ya Jumapili. Mama hakupandisha sauti. “Papa, goti umeshalitengeneza. Sasa macho nayo. Tutalala hapa kwa yaya, tutaondoka asubuhi, na mu njia tutabadilishana.” Papa akamwangalia muzee, muzee akachekelea na kuangalia pembeni.

Wakalala kwa yaya. Jumapili mchana mama alitupigia simu: wamefika, watoto wako vizuri, kifaa walikitumia mara mbili tu. Siye tunawatakia nanyi wote kufika namna ile.