Waifai ya Nyumbani (2): Ruta Ikae Wapi?

Juma lililopita tuliifikisha intaneti mlangoni, iwe kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu. Leo tuigawe ndani, ili simu ya mama, kompyuta ya mtoto na televisheni ya sebuleni zile bando moja.

Mgawaji ni ruta. Kampuni ya intaneti inaiona nyumba nzima kama mteja mmoja mwenye anwani moja. Humo ndani ruta inakipa kila kifaa namba yake, mara nyingi inayoanza na 192.168, na kukumbuka nani kaagiza nini, ili jibu lisiende kwa mwingine. Hayo yote inayafanya yenyewe. Mahali pa kukaa ndipo isipoweza kujichagulia.

Fundi akija, huiacha pale waya unapoingilia: konani, nyuma ya televisheni, na sehemu kubwa ya mawimbi inaishia barabarani. Waifai ni redio, tena redio dhaifu. Ukuta wa tofali huyapunguza mawimbi kidogo, zege lenye nondo huyapunguza sana, na mabati au kioo kikubwa cha kujitazamia huyarudisha yalikotoka. Tangi la maji huyameza. Iweke katikati ya nyumba, juu ya kabati, pasipo kitu mbele yake.

Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu kuna mtihani mkubwa zaidi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake waweza kufika nusu mita na kupita. Ruta ya chini haitafika ghorofani hata ukinunua kasi ya namna gani. Hapo usihangaike: vuta kebo kwenye ngazi, ufunge juu kifaa cha pili cha kurushia mawimbi. Wapo wanaonunua vile vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani, kisha wanakwenda kuvichomeka chumba kile kile kisichopata kitu. Vitakuza nini?

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa majirani wote wanazigombea, pamoja na jiko la maikrowevu. Ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi, ila hayaendi mbali. Televisheni iliyo karibu na ruta ipe hayo.

Nywila ndefu ni lazima. Kwenye usalama chagua WPA2 au WPA3; WEP ilivunjwa tangu 2001, na bado naikuta kwenye ruta kuukuu. Badilisha pia nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, maana ile ya kiwandani mara nyingi imebandikwa chini yake, na kila mgeni ana simu yenye kamera.

Na kabla hujaipigia kampuni kulalamika, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, upime kasi. Kama ni ile uliyolipia, tatizo liko kwenye kuta zako.

Juma lijalo: umeme ukikatika, ruta itawakaje?