Kanga wa Biliqo na Swali la Mwenye Chungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), anayewashikilia ndege angani bila ya nguzo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na akina baba, wiki hii tuipe kisogo bahari yetu na tuelekee bara, hadi Biliqo katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo. Wakazi wa huko ni ndugu zetu Waislamu wa Kiborana, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, katika nchi kame inayoutegemea mto Ewaso Nyiro na visima. Mvua za masika, ambazo wao huziita ganna, zikishanyesha, vidimbwi hujaa, nyasi huchipua, na ndege hukusanyika kwa wingi: kanga, kwale, firigogo na hua, na mabata palipotuama maji. Ni ndege hao hao ambao wapenda bunduki walikuwa wakiwatamani msimu ulipofunguliwa. Je, Sheria yetu tukufu inasemaje juu ya siku kama hiyo? Na mama aliyeletewa ndege mlangoni aulize nini kabla ya kuwasha moto?

Kwanza tuwajue viumbe wenyewe. Mwanamke wa pwani hana ugeni na kanga, kwani inasemekana leso anayojifunga ilipewa jina hilo kwa sababu za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kama ya ndege huyo. Lakini katika nchi ya Isiolo yuko kanga wa namna nyingine, mwenye shingo ndefu, kichwa kitupu kama cha tai na kifua cha buluu inayong'aa. Mwaka 2019 watafiti waliowafuatilia kanga hao huko Mpala, Laikipia, walieleza kuwa wanaishi katika makundi yanayodumu, na kwamba kundi moja huchagua kuandamana na makundi fulani na si mengine. Sisi tuliosoma Suratul An'aam hatushangai, kwani tumekwisha kufundishwa humo kuwa ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma mfano wetu.

Na firigogo, ambaye wengi humwona kuwa ni ndege wa kudharauliwa, anayo ibra kubwa zaidi. Makinda wake huanguliwa juu ya ardhi kavu, mbali na maji. Basi baba yao huruka mwendo mrefu mpaka kisimani, akajitumbukiza kifua, manyoya yake yakafyonza maji kama sifongo, kisha akarudi nayo ili watoto wanyonye katika manyoya hayo. Anayemvizia firigogo kisimani na kumpiga wakati wa makinda hakuua ndege mmoja. Amewakatia maji watoto wasioonekana. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba masahaba walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, mama yao akaja akipigapiga mbawa kwa huzuni, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha warudishiwe mama yao. Hapo ndipo ilipo hekima ya kufunga msimu na kuwaacha ndege walee.

Mtindo wa kuwinda ndege kwa kufukuziwa ni mashuhuri sana Uingereza. Huko msimu wa kwale wa milimani hufunguliwa tarehe 12 Agosti, na wa mabata tarehe 1 Septemba. Wenye bunduki hupangwa mstari mmoja, nao watu wengine hupita vichakani wakipiga fimbo na kupeperusha bendera, mpaka ndege wakurupuke na kuruka juu ya mstari ule. Jioni ndege hulazwa chini na kuhesabiwa. Walowezi wa Kizungu walikuja na mapenzi hayo ya kuwinda ndege hapa Kenya. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ndege wa mawindo waliendelea kupigwa kwa leseni kwa miaka mingi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 nayo imeuhesabu uwindaji wa burudani kuwa ni kosa lenye adhabu. Kwa hiyo mtu yeyote asiinue silaha kwa ndege wa mwituni bila ya idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Aidha, ni wajibu awatake ruhusa wenye ardhi. Katika nchi ambayo wizi wa mifugo kwa silaha umeshaua watu, mlio wa bunduki alfajiri huwafanya akina mama wawakusanye watoto kwa hofu.

Tukija katika Sheria ya Mwenyezi Mungu, uwindaji asili yake ni halali. Suratul Maida imeuruhusu, ikamkataza aliye katika ihramu. Lakini halali hiyo ina mipaka, na mpaka wa kwanza ni nia. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakawa wanamlenga kwa mishale, nao walipomwona wakatawanyika. Akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Ni kweli, ndege wa msituni hakufungwa. Lakini ikiwa amefukuzwa makusudi ili apite juu ya bunduki, na aliyempiga hana haja ya nyama yake ila idadi ya jioni, kuna tofauti gani kubwa baina ya shabaha hii na ile? Anayewinda ili ale, alishe jamaa zake au ampe maskini, huyo yumo katika ruhusa. Anayeua ili ahesabu amecheza na roho zisizo zake.

Mpaka wa pili ni namna ndege alivyokufa, na hapa ndipo mwenye chungu anapohusika. Adiy bin Hatim (r.a.), mwana wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu, alikuwa mwindaji, na maswali yake kwa Mtume (s.a.w.) yametuachia milango mingi ya fiqhi. Alifundishwa kuwa silaha ikipenya kwa ncha, mnyama huliwa. Ikigonga kwa ubavu na kuua kwa uzito wake, basi huyo ni maukudha, aliyekufa kwa kipigo, na Qur'ani imemharamisha. Akafundishwa pia kuwa windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwani haijulikani ni maji yaliyoliua au ni mshale. Bata aliyepigwa angani akaangukia dimbwini na kufia humo anaingia katika tahadhari hii. Ama aliyeangukia nchi kavu baada ya kujeruhiwa, wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema anguko hilo linasamehewa, kwa kuwa ndege wa angani hana pa kuangukia ila chini.

Bunduki nayo ilizua mjadala. Katika vitabu vya kale neno bunduk lilikuwa jina la kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, na wanazuoni hawakuruhusu kilichouawa nacho, kwa kuwa huua kwa kugonga. Baruti ilipoenea, Imam Shaukani wa Yemen aliona risasi inapenya na kutoboa, basi windo lake ni halali. Ibn Abidin wa Damascus aliona nguvu yake ni ya kusukuma na kuunguza, si ya makali, basi si halali mpaka lichinjwe. Wengi katika wanazuoni wa zama zetu wamefuata rai ya Shaukani. Lakini marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, mara nyingi humwangusha ndege akiwa bado hai. Huyo lazima awahiwe na kuchinjwa, na wala asiachwe akigaragara mpaka duru imalizike.

Basi mama aliyeletewa kanga ana haki ya kuuliza, wala si utovu wa adabu. Nani aliyempiga: je, ni Muislamu, au mtu wa Kitabu ambaye kichinjo chake kimehalalishwa kwetu? Katika mstari wa bunduki kumi, ndege mmoja huweza kupigwa na wawili, na akishiriki asiye halali kichinjo chake, windo huharamika. Je, alisema Bismillahi? Kwetu Mashafii ni sunna, na kwa wengi wengineo ni wajibu, basi anayeiacha kwa uzembe amejinyima baraka. Je, alikutwa hai akachinjwa? Aliangukia wapi? Akikosa majibu, na alama hazionekani, aache. Kitoweo cha dengu chenye utulivu wa moyo ni bora kuliko nyama yenye shaka.

Tena aichunguze nyama kwa vidole. Kiswahili kimelipa kombora na madini jina moja, risasi, na madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Marekani ilikataza marisau ya madini hayo katika uwindaji wa mabata nchi nzima mwaka 1991, na Uingereza ikayakataza kwa ndege wa majini mwaka 1999, kwa sababu mabata huyameza matopeni na kufa. Palipo na tundu, mama akate nyama ya pembeni na kuitupa, na asiwape watoto wachanga wala mjamzito.

Huenda msomaji wa Lamu au Kisauni akasema: Biliqo iko mbali, na kwetu hakuna bunduki. Lakini manati yako mikononi mwa watoto wetu kila likizo. Jiwe la manati ni kidonge kile kile cha udongo: huua kwa kugonga, na ndege aliyekufa kwalo haliwi ila akiwahiwa na kuchinjwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, akabainisha kuwa haviwindi windo wala haviumizi adui, bali huvunja jino na kupasua jicho. Mtoto anayepewa manati na kuachiwa achague shabaha yake miongoni mwa hua wa mwarobaini anasomeshwa somo, hata kama hakuna mwalimu aliyesimama mbele yake. Anajifunza kuwa roho ni mchezo. Na mtoto anayeambiwa, "Mwanangu, huyu ana makinda, mwache," naye amesomeshwa.

Rehema huanzia nyumbani, na mara nyingi huanzia jikoni, kwa mwanamke anayeuliza kabla ya kupika. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuvihurumia viumbe vyake, avihalalishe vyakula vyetu na avitakase vizazi vyetu. Amin. Wallahu aalam.